Sichukui fomu, naenda kusoma bahari

*(Haya ni mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, mhandisi kijana mzaliwa wa delta, aliyoyatoa kwenye kikao cha vijana hapa Kibiti. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumepunguza vicheko na makofi tu.)*



Mwenyekiti wetu wa vijana, wazee wetu mliokuja, mama zangu mliokaa pale kwenye mkeka, itifaki izingatiwe, maana nikianza kutaja mmoja mmoja jua litazama.

Najua wengi mmekuja mkitegemea nitangaze kuchukua fomu ya udiwani wa viti maalum. Maneno yameshazunguka, na nasikia kuna mtu kashaulizia hadi bei ya kuchapa fulana. Sasa naomba niseme mapema, ili mwenye kuondoka aondoke kabla chai haijaisha: sichukui fomu. Naenda kusoma masta. Shahada ya uzamili ya uhandisi wa vyombo vya majini na masomo ya bahari.

Nimesikia mguno. Guneni tu, ni haki yenu. Hata nyumbani wameguna. Lakini nipeni nusu saa niwaeleze kwa nini, halafu mkiona nimekosea mtaniambia hapa hapa mbele ya watu.

Naanzia Aprili 2024. Hakuna aliyesahau. Maji yalipanda Muhoro kule Rufiji, yakapanda kwetu huku Kibiti, nyumba zikazama, mpunga ukaoza ukiwa haujavunwa, watu wakalala kwenye maturubai. Serikali ikasema ni mvua za El Niño. Wananchi wakasema ni Bwawa la Nyerere limefungulia maji. Wataalamu wa bwawa wakajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Na sisi vijana wa chama tukatoa matamko. Mimi mwenyewe niliandika moja, la kurasa mbili, kali kweli kweli.

Sasa jamani, tuulizane bila kuoneana haya. Katika tamko lile, namba yetu ilikuwa wapi? Maji yalipanda mita ngapi, saa ngapi, siku ipi, kijiji kipi kikianza na kipi kikifuata? Siku ile bahari ilikuwa bamvua au maji mafu? Maana anayeishi delta anajua: mto ukishuka na mafuriko wakati bahari nayo imejaa, maji hayana pa kwenda. Swali hilo peke yake lingetosha kumtoa jasho waziri. Hatukuliuliza, kwa sababu hatukuwa na kipimo. Tulikuwa na uchungu tu. Na uchungu, ndugu zangu, ukifika mezani kwa mtu mwenye makaratasi, unaambiwa pole, halafu kikao kinaendelea.

Ndiyo maana nasema naenda kusoma. Delta hii haijakosa watu wa kuisemea. Imekosa watu wake wa kuipima.

Ngoja niwape kisa ambacho wazee wa Salale wanakijua. Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vimeanza, manowari ya Kijerumani Königsberg, chuma cha zaidi ya mita 110, iliingia delta hii ikajificha. Waingereza walikuwa na meli nyingi na kubwa kuliko yeye, lakini hawakujua kama meli ya ukubwa ule inaweza kupita kwenye milango yetu. Wajerumani walijua, kwa sababu muda mfupi kabla ya vita meli yao ya upimaji ilikuwa imepita hapa ikipima kina cha maji. Tarehe 20 Septemba ikatoka, ikaenda Zanzibar, ikaizamisha manowari ya Waingereza Pegasus iliyokuwa imetulia inatengenezwa mashine. Ikarudi tena huku huku kwenye mikoko.

Halafu Königsberg nayo mashine ikaharibika. Mnajua walifanya nini? Vipande vya boila vilitolewa, vikaburutwa nchi kavu na wapagazi mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Wapagazi wale walikuwa nani? Babu zetu. Waliburuta chuma kwenda na kurudi, lakini hakuna aliyewaambia kile chuma kinafanya kazi gani.

Waingereza walifanikiwaje mwishoni? Walileta vyombo viwili, Severn na Mersey, vilivyojengwa kwa ajili ya mito, vinavyohitaji maji ya chini ya mita 2 tu. Wakaweka ndege Mafia za kuwaelekeza risasi zinaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha, hapa hapa kwetu.

Kwenye kisa kile kuna aliyepima maji, kuna aliyechora chombo kinachofaa maji hayo, na kuna aliyebeba mzigo. Sisi tulikuwa wa tatu. Miaka zaidi ya 100 imepita. Niambieni, leo tuko wa ngapi?

Sasa masta yenyewe inahusu nini? Nitaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Nilipokuwa na miaka 11 tulitoka Nyamisati jioni kurudi kijijini, boti imejaa watu, mchele na mabati. Karibu na mlango wa mto mashine ikazima. Giza. Maji yanatoka, yanatuvuta kwenda bahari kuu. Watu wakaanza kusimama, akina mama wanalia. Nahodha wetu, mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani, akapiga kelele mara moja tu: "Kaeni chini! Gunia chini, mtu chini!" Akatosa nanga. Akasema maji yatageuka baada ya kama saa 3, tusubiri yaturudishe. Tukasubiri. Yakageuka. Tukarudi.

Nikiwa chuoni, digrii ya kwanza, mwalimu akachora chombo ubaoni akaeleza. Kila chombo kina mambo mawili: uzito unaovuta chini, na maji yanayosukuma juu. Chombo kikilala upande, msukumo wa maji unahamia upande ule kilikolalia na kukirudisha kisimame. Lakini ukipandisha mizigo na watu juu, uzito nao unapanda, mpaka unafika mahali ambapo msukumo hauwezi tena kukirudisha. Hapo hakiyumbi, kinapinduka. Nikakaa kimya darasani. Mzee wetu alikuwa anajua somo lile lote, ila hakuwa na hesabu yake ya kumwonyesha mwenye boti kabla hatujaondoka gatini.

Hesabu hiyo ndiyo tofauti kati ya kusali na kuzuia. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011. MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha kubeba watu 101, wakafa zaidi ya 220. Kila mara tunaomboleza, tunaunda tume, tunajenga mnara. Hizo ni zile kubwa zenye majina. Boti ndogo za huku kwetu zikipotea hazipati hata aya moja gazetini.

Kwenye masta unaingia ndani zaidi: jinsi chombo kinavyochorwa, mashine na mafuta yake, chuma kinavyoliwa na chumvi, mawimbi, mikondo, na tope linavyosafiri. Hilo la tope naomba mlisikilize vizuri.

Mto Rufiji unakusanya maji ya karibu sehemu 1 kati ya 5 ya nchi hii. Maji hayo yalikuwa yanakuja na tope, na tope ndilo lililojenga delta, likalisha mikoko, hekta zipatazo 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania. Mikoko ndiyo nyumba ya watoto wa kamba na kaa. Tope hilo hilo ndilo rutuba ya mlau wetu kule bondeni maji yakishapungua. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme, kati ya megawati 2,115 zilizopangwa. Umeme tunautaka, tusidanganyane. Lakini bwawa lolote duniani linazuia maji na linazuia tope. Misri walijenga Bwawa la Aswan, likakamilika mwaka 1970, na baada ya hapo bahari ikaanza kula pwani ya delta ya Nile, kwa sababu tope lililokuwa linaijaza halikufika tena.

Je, kwetu itakuwaje? Chumvi itapanda mpaka kwenye mpunga? Mlango upi utajaa mchanga, upi utachimbika? Mwaka 2019 shirika la IUCN lilihoji tathmini ya mazingira ya mradi ule. Wakajibiwa, mjadala ukafungwa. Wazee hapa wanakumbuka jinsi maji mengi ya mto yalivyohamia upande wa kaskazini baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970, wengine wakapata shamba na wengine wakapoteza. Delta inahama. Anayepima kila mwaka ndiye atakayejua inahamia wapi kabla nyumba ya mtu haijaanguka. Mimi nataka nipime.

Sasa niwageukie nyinyi wadogo zangu wa kidato cha nne na cha sita, mliokaa nyuma mnachezea simu. Msije mkapotea njia, kuna milango tofauti.

Kwanza, tofautisheni cheti cha ubaharia na shahada. Ukitaka kufanya kazi kwenye chumba cha mashine cha meli, unahitaji vyeti vinavyofuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, wenyewe wanauita STCW, na unahitaji muda wa kukaa baharini unaohesabiwa na kuandikwa. Masta peke yake haikupi ruhusa ya kuendesha mashine ya meli. Kuna watu wamelia kwa kutojua hili.

Pili, Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, pale Sokoine Drive, kilianza kama kituo cha mafunzo mwaka 1978. Pale unaweza kuanzia ngazi ya cheti mpaka digrii ya uhandisi wa meli. Huhitaji kwenda Ulaya kuanza.

Tatu, kama moyo wako uko kwenye maji yenyewe, samaki, matumbawe na mikondo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, nayo ya tangu mwaka 1978, na kina shule ya samaki na viumbe wa majini Kunduchi.

Nne, kwa masta kuna Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, Malmö, Sweden, kilichoanzishwa mwaka 1983 na shirika la Umoja wa Mataifa la masuala ya bahari. Masomo ni miezi 14, na wengi wanasoma kwa ufadhili. Ila ufadhili mara nyingi unakwenda kwa mtu ambaye tayari ana kazi kwenye sekta na anapendekezwa na taasisi yake. Kwa hiyo kijana anayekaa kijiweni akisubiri tangazo, tangazo litampita.

Na yote hayo mlango wake ni mmoja: hesabu na fizikia. Mimi shule niliyosoma, sitaitaja, tulikaa mwaka na nusu bila mwalimu wa fizikia. Tulisomeshana wenyewe kwa daftari la kaka mmoja aliyetutangulia. Nikisema tudai walimu wa sayansi Kibiti, nasema kwa sababu najua ni wangapi tulioanza darasa lile na ni wangapi tuliotoka na fizikia. Tulitoka wawili.

Sasa nyumbani. Nilipopata barua ya kukubaliwa nilikwenda kwa mjomba wangu, yeye ndiye aliyenilea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unataka kusoma tena."

"Ndiyo mjomba, masta."

"Hiyo digrii imeisha ladha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia wenzangu wana watoto wawili, watatu. Akaniambia mtoto wa kike kwenye mashine za meli watu wanamsemaje. Ni kweli, wanasema. Kwenye chombo kimoja nilichofanyia mazoezi, siku ya kwanza niliambiwa nikae jikoni, mwanamke akishuka chumba cha mashine ni mkosi. Wiki ya tatu pampu ya maji ya kupozea ikaziba usiku, aliyejua wapi pa kushika nilikuwa mimi. Mkosi ukaisha.

Mwishowe mjomba akauliza swali moja: "Ukimaliza, utarudi au utabaki huko kwa wenye meli?" Hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi, na najua ndilo mlilonalo vichwani. Maana wapo waliotoka hapa wakasoma, leo ukimpigia simu anakuuliza "Kibiti ya wapi?"

Sikumwapia mjomba na sitawaapia nyinyi. Maisha ni marefu. Na nusu ya gharama bado sijaipata, mikopo mingi ya Bodi inakwenda shahada ya kwanza, kwa hiyo inawezekana hata nisiondoke mwaka huu. Ila nilimwambia hivi: andiko langu la masta nimeomba liwe juu ya delta hii, milango yake na boti zake za abiria. Vipimo nitakuja kuchukua hapa. Nikitaka kupata shahada, lazima nirudi. Mjomba akanyamaza, halafu akasema, "Basi ukija uje na tochi, mbu wamezidi." Nikajua ameridhia.

Namalizia na siasa, maana hapa ni kwenye chama.

Mwaka 2023 tulipiga kelele juu ya bandari. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai mwezi Juni, Oktoba mikataba ikasainiwa na DP World, miaka 30. Tulikuwa sahihi kudai uwazi, na nitadai tena kesho. Lakini kwenye midahalo ile, tulipoulizwa gati moja linapaswa kupakua makontena mangapi kwa saa, au uchimbaji wa kina unagharimu nini, wengi wetu tulirudi kwenye kaulimbiu. Upinzani usiojua kina cha maji unaishia kuelea juu juu.

Mfano mwingine ni wa nyumbani. Miaka ya 1990 serikali ilikubali mradi mkubwa wa shamba la kamba hapa delta, ambao ungefyeka mikoko. Wazazi wetu walikataa. Lakini hawakukataa kwa mdomo tu, walipata wanasheria na wanamazingira wa kusimama nao, wakajibu hoja kwa hoja. Shamba lile halikujengwa. Mikoko mnayoiona leo ni matunda ya uchungu uliokutana na utaalamu. Ila wale wataalamu walitoka nje. Safari ijayo nataka watoke hapa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hayasubiri niondoke.

La kwanza, madiwani wetu na wagombea wetu waingize kwenye ajenda ya halmashauri mfuko mdogo wa masomo ya sayansi ya bahari kutokana na ushuru wa samaki na mazao ya misitu. Hata kijana mmoja kwa mwaka. Baada ya miaka 10 mtakuwa na watu 10.

La pili, abiria wa Nyamisati tuanze sisi wenyewe kukataa kupanda boti iliyojaa na isiyo na maboya. Msisubiri mkaguzi. Mkaguzi haendi Mbwera usiku, wewe unakwenda.

La tatu ndilo dogo na ndilo ninalolitaka kuliko yote. Kila tawi la vijana lililo kando ya maji lisimamishe mti mmoja imara, lipake alama kila sentimita 10, na mtu mmoja aandike kwenye daftari: tarehe, saa, maji yamefika wapi. Bamvua na maji mafu, masika na kiangazi. Daftari la shilingi 500 tu. Mafuriko yakija tena, na yatakuja, hatutaandika tamko la uchungu peke yake. Tutaweka madaftari mezani, tuseme: haya hapa, jibuni.

Mti wa kwanza nitausimamisha mimi, Jumamosi hii, maji yakipwa. Anayetaka kuja aje na panga na viatu visivyoogopa tope. Na yule aliyeulizia bei ya fulana, naomba hela ile ile inunue rangi.